Kiingereza cha baby class: umri, saa na mwalimu

Mwezi wa kumi na moja ukifika, shule nyingi za chekechea za mijini Tanzania hufunga maturubai. Ni msimu wa mahafali. Watoto wa pre-unit huvalishwa joho na kofia, mgeni rasmi huchelewa kama ilivyo ada, na mtoto mmoja asiyeogopa watu hupewa kipaza sauti asome risala. "Our guest of honour, our beloved parents..." Anashusha dakika tatu bila kukwama. Vigelegele vinapigwa, wengine wanakwenda kutuza. Baadaye, kwenye foleni ya pilau, shangazi mmoja anamuuliza mtoto yuleyule, "How old is your sister?" Mtoto anamkodolea macho, halafu anajibu kwa furaha: "I am fine, thank you."

Shangazi atarudi nyumbani akisema shule ile inakula hela za watu bure. Mama wa mtoto atasema shangazi ana wivu. Wanabishana juu ya kitu ambacho hawajaelewana ni kitu gani, na mjadala wetu mzima wa Kiingereza kwa watoto wadogo uko hivyohivyo. Tukisema mtoto "anasoma Kiingereza" tunakuwa tumesema mambo matatu kwa mkupuo.

La kwanza ni Kiingereza kama somo. Mtoto anafundishwa kwa Kiswahili, na mara kadhaa kwa wiki kinaingia kipindi cha Kiingereza. Ndivyo zilivyo shule za msingi za serikali zilizo nyingi, zile ambazo watu huziita kayumba. La pili ni Kiingereza kama lugha ya kufundishia: hesabu, sayansi, hata ruhusa ya kwenda chooni, vyote kwa Kiingereza. Hizo ndizo English medium. La tatu ni Kiingereza cha kuishi nacho: mtoto kahamia Leicester, Uingereza, au Minneapolis, Marekani, na wazazi wake, jirani anakiongea, muuza duka anakiongea, na akitaka arushiwe mpira lazima aombe kwa Kiingereza.

Karibu kila ahadi unayoiona kwenye bango la shule, kwamba mtoto akianza na miaka mitatu "atakishika mwenyewe bila kujua", imetolewa kwenye jambo la tatu ikabandikwa kwenye la kwanza na la pili. Ukilitenganisha hilo, mengi yanayosemwa juu ya umri yanakaa sawa.

Umri unasaidia wapi

Wazazi wana methali yao tayari: samaki mkunje angali mbichi. Wanasayansi nao waliwahi kusema jambo la karibu na hilo. Mwaka 1959 Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyefanya kazi Montreal, aliandika pamoja na Lamar Roberts kwamba ubongo wa mtoto hupokea lugha kwa wepesi ambao baadaye hupungua. Mwaka 1967 Eric Lenneberg akaja na hoja ya kipindi maalumu cha kujifunza lugha, ambacho hufungwa karibu na balehe. (Mwaka huohuo, kwa sadfa tu, Tanzania ilikuwa inakifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma.) Utafiti unaotajwa kuliko yote ni wa Jacqueline Johnson na Elissa Newport wa mwaka 1989. Waliwapima sarufi ya Kiingereza Wachina na Wakorea waliohamia Marekani katika umri mbalimbali. Waliofika kabla ya miaka saba walilingana na wazawa. Waliochelewa zaidi wakapata alama za chini zaidi.

Sasa tazama waliopimwa ni kina nani. Ni wahamiaji, watu waliokwisha kuishi miaka mingi ndani ya lugha yenyewe. Tena walipimwa kiwango walichofikia, si mwendo waliojifunza nao. Kwenye mwendo mambo yanageuka. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi, wadogo kwa wakubwa, wakijifunza Kidachi. Katika miezi ya mwanzo waliotangulia walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano ndio walioburuta mkia.

Na hao walikuwa wanaishi hukohuko. Darasani, ambako lugha inaishia mlangoni, faida ya umri mdogo hupungua zaidi. Hispania ilipobadili mfumo wake wa elimu, umri wa kuanza lugha ya kigeni ulishuka kutoka miaka 11 hadi 8, na kwa muda watoto wa mfumo wa zamani na wa mfumo mpya walikuwa shuleni kwa wakati mmoja. Carmen Muñoz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Barcelona wakaitumia nafasi hiyo. Waliwapima watoto baada ya saa zilezile za masomo: 200, kisha 416, kisha 726. Walioanza wakiwa na miaka 11 waliwapita walioanza na 8 karibu katika kila kipimo. Huko Zurich, Simone Pfenninger aliona walioanza na miaka 13 wakiwafikia walioanza na 8 ndani ya miezi michache, kwa sehemu kubwa ya yale aliyoyapima.

Sababu haina uchawi. Mtoto mdogo hujifunza lugha kwa kuisikia mpaka imwingie yenyewe, na njia hiyo hula saa nyingi kupita kiasi. Kijana anatumia akili ya makusudi: analinganisha, anaona kanuni, anajua kusoma, anaweza kuandika neno pembeni akalirudia usiku. Saa zikiwa chache, njia ya kijana inashinda.

Piga hesabu ya saa zenyewe. Tuseme darasa la kwanza lina vipindi vitano vya Kiingereza kwa wiki, kila kimoja nusu saa, kwa wiki 39. Hizo ni saa 97 na nusu kwa mwaka, kama mwalimu hakuugua wala hakuitwa kwenye semina. Mtoto hukaa macho saa 12 kwa siku. Kwa hiyo mwaka mzima wa somo la Kiingereza ni sawa na siku nane za mtoto aliyehamia Leicester. Hapo hujatoa muda wa kuita majina, kugawa madaftari na kumtuliza aliyeibiwa penseli.

Mtoto mdogo ana jambo moja analomzidi mkubwa waziwazi, nalo ni sikio na ulimi. Hushika matamshi bila shida na haoni haya kukosea. Ila darasani hushika matamshi ya nani? Ya mwalimu wake. Kama mwalimu anasema "sikuli" badala ya "school", mtoto wa miaka minne atasema "sikuli" kwa ustadi mkubwa, na itamkaa.

Ba be bi bo bu

Ugomvi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, hauko kwenye kuongea. Uko kwenye kusoma, na ndiko watoto wengi wanakoumia kimyakimya.

Kiswahili kina irabu tano, na kila moja husomeka vilevile popote inapokaa. Mtoto akishajua silabi, anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kulisikia: "kandambili", "Namanyere", jina la dawa ya mbu. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo ishirini, na kinaziandika kwa herufi tano zilezile. "Come" na "home" zinaishia kwa herufi sawa na hazifanani kwa sauti. "Though", "through" na "cough" ni balaa tupu. Hili si tatizo la Mswahili peke yake. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wanaoanza kusoma katika nchi za Ulaya, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Mwisho wa mwaka wa kwanza watoto wa Finland, Ugiriki na Ujerumani walisoma maneno ya kawaida kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 95. Wa Scotland, wanaosoma Kiingereza ambacho ndicho lugha yao ya nyumbani, walipata asilimia 34.

Sasa mchukue mtoto wa Mbagala mwenye miaka mitano. Kiingereza hajakijua, herufi hajazijua, na anaambiwa avijue vyote viwili siku moja. Akiona "cup" hana neno kichwani la kulinganisha na sauti anazozitafuta. Anachofanya ni kukariri umbo la neno au picha iliyo pembeni yake. Ukimfunika picha, kusoma kunaisha. Mtoto aliyesoma kwanza kwa Kiswahili tayari anajua kusoma ni nini: kwamba alama ni sauti, na sauti zikiunganishwa zinaleta neno lenye maana. Hilo hulijifunzi mara mbili. Ukilipata kwa lugha moja unahama nalo, kilichobaki ni kujifunza ukorofi wa tahajia ya Kiingereza.

Ushahidi wa nyumbani kwetu Afrika upo, na ni wa siku nyingi. Katika miaka ya 1990 Eddie Williams alilinganisha watoto wa Malawi na Zambia. Malawi walikuwa wakisoma kwa Chichewa miaka minne ya kwanza, Kiingereza kikiwa somo. Zambia walikuwa wakifundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kwenye mtihani wa kusoma Kiingereza, nchi hizo mbili hazikupishana kwa maana. Kwenye kusoma Chichewa, ambacho Zambia hukiita Chinyanja, watoto wa Malawi waliwaacha wenzao mbali sana. Kwa maneno mengine Zambia walilipa bei yote ya Kiingereza na hawakupata Kiingereza cha ziada. Kabla ya hapo, mwaka 1970, huko Ile-Ife nchini Nigeria, Babs Fafunwa na wenzake walianzisha mradi wa kufundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu aliyebobea. Watoto hao walifanya vizuri kuliko wenzao, Kiingereza kikiwemo.

Ninajua mzazi wa English medium atauliza: mbona wa kwangu anaongea? Ndiyo, anaongea. Shule nzuri yenye watoto 25 darasani, walimu wanaokimudu Kiingereza na vitabu vya hadithi humfikisha mtoto mbali, kwa sababu imempa saa. Saa tano kwa siku si nusu saa. Lakini kuongea kwa uwanjani na kuelewa somo ni vitu viwili. Jim Cummins, aliyewachunguza watoto wa wahamiaji Canada, alikuta kwamba lugha ya mazungumzo ya kila siku huchukua kama miaka miwili, ilhali lugha ya vitabu vya shule huchukua miaka mitano au zaidi. Hao walikuwa wamezungukwa na Kiingereza pande zote. Kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu anayejibu "Yes, Madam" kwa lafudhi safi anaweza kuwa haelewi kwa nini jani ni la kijani, na kwa kuwa lafudhi ni safi, hakuna anayeshtuka.

Kipindi kizuri kinafananaje

Kipindi kibaya tunakijua sote, tumekaa humo. Mwalimu anasema, "The cow gives us mi...?" Darasa linajibu, "Lk!" "Are we together?" "Yeees!" Mtoto anaweza kumaliza darasa la saba akiitikia vipande vya mwisho vya maneno bila kuelewa sentensi hata moja. Sauti ya mwalimu inapopanda, yeye anajua zamu yake imefika, basi.

Sasa mtazame mwalimu anayeijua kazi, na watoto wa miaka mitano wamekaa chini kwa nusu duara. Ana kikapu. Ndani mna chungwa, kijiko, ufunguo na kandambili moja. Anasema "Spoon" akikiinua, anasema tena, anakirudisha. Halafu anasema, "Touch the spoon," na yeye mwenyewe anakigusa. Kisha anamwita mtoto. Baada ya raundi chache maagizo yanageuka: "Give the spoon to Asha." "Put the slipper on your head." Kandambili ikipanda kichwani darasa linakufa kwa kicheko, na kila mtu anataka zamu. Dakika kumi na tano zimepita, hakuna mtoto aliyelazimishwa kusema neno, na wameelewa sentensi kumi na kitu za Kiingereza kamili. Mbinu hii ya kuitika kwa mwili ilienezwa na James Asher wa California tangu miaka ya 1960, na haihitaji umeme wala kitabu.

Ukimya wa mtoto katika hatua hii usiogopwe. Mtoto anayeingia kwenye lugha ngeni huweza kukaa wiki au miezi akisikiliza tu, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Anayelazimishwa kusema mapema hurudi kwenye risala.

Baada ya kikapu, hadithi. Kitabu kimoja cha picha, chenye sentensi inayojirudia, kinasomwa leo, kesho na keshokutwa. Mtu mzima anachoka, mtoto hachoki. Siku ya nne mwalimu ananyamaza kabla ya neno, na watoto wanalitaja. Kwa sikio la haraka ni kama ile "Lk!", lakini hapa wanataja neno zima ambalo maana yake wameiona kwenye picha na kuiigiza kwa mikono.

Kusahihisha nako kuna adabu yake. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "anapika", ndiyo maana mtoto wetu husema "My mother he is cooking." Mwalimu anayemkata kwa "No! She!" amemfunga mdomo. Anayeijua kazi anauliza, "Oh, she is cooking? What is she cooking?" Mtoto anajibu "Ugali!" na neno sahihi ameshalisikia mara mbili ndani ya mazungumzo ya kweli.

Kinachoua vipindi vya namna hii ni daftari. Kipindi cha kikapu hakiachi alama kwenye karatasi, na mzazi akifungua begi jioni akakuta daftari tupu anapiga simu shuleni. Basi Madam anajilinda: anaandika ubaoni "This is a spoon" na watoto wananakili mara kumi. Daftari linajaa, mzazi analala vizuri. Kwa darasa la watoto 90 la kayumba kishawishi ni kikubwa zaidi, kwani kunakili huleta utulivu. Hata hivyo wimbo wa vitendo haujali idadi, na darasa la 90 linaweza kugawanywa nusu inayoamuru na nusu inayotenda.

Kuhusu kibao cha kumvisha shingoni mtoto aliyekutwa anaongea Kiswahili, sina la kusema refu. Ni kumdhalilisha mtoto, na kinachopungua ni maneno yote, si ya Kiswahili tu.

Nyumbani, na simu

Wazazi wengi huambiwa kwenye kikao kwamba waongee Kiingereza nyumbani. Kama ndicho lugha yenu, sawa. Kama Kiingereza chako kinaishia "Come here, eat, sleep", ukimnyima mtoto Kiswahili chako umemnyima hadithi, utani, vitendawili, maelezo ya kwa nini babu amekasirika. Hivyo ndivyo vinavyomjengea mtoto maneno na mawazo, na ndivyo atakavyovitafutia Kiingereza chake baadaye. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea wala hazimchanganyi akili. Akisema "Mama, nipe ile cup" anatumia alichonacho. Usisahau pia kwamba kwa mtoto wa kijijini Usukumani au Umasaini, Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Kiingereza kinamjia cha tatu.

Halafu kuna katuni za simu. Patricia Kuhl, mtafiti wa Seattle, Marekani, alichapisha mwaka 2003 jaribio la watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa. Kundi moja lilichezeshwa na kusomewa vitabu kwa Kichina na mtu aliye mbele yao, mara 12. Kundi jingine liliwaona watu haohao kwenye skrini, kwa muda uleule. La kwanza lilijifunza kutofautisha sauti za Kichina. La skrini halikujifunza kitu. Watoto wakubwa kidogo huokota nyimbo na majina ya rangi kwenye katuni, hilo linaonekana wazi. Ila ukikaa naye ukauliza "Where is the dog?" umefanya kazi ambayo simu haiwezi.

Saa ziwekwe wapi

Tangu Januari 2024 mtaala mpya wa Tanzania Bara umekirudisha Kiingereza darasa la kwanza. Katika mtaala uliotangulia, darasa la kwanza na la pili yalikuwa ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na Kiingereza kikaanza darasa la tatu. Wengi walishangilia. Mimi nauliza nani anafundisha. Mwalimu wa madarasa ya chini ni zao la mfumo uleule. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliipima sekondari ya Tanzania wakakuta wanafunzi walio wengi hawakimudu Kiingereza wanachofundishiwa. Uwezo, mpango wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, katika upimaji wake wa mwaka 2010 ulikuta takriban nusu ya watoto wanaomaliza shule ya msingi hawawezi kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Baadhi yao leo wameshika chaki. Kikapu na kandambili vinahitaji mwalimu anayeweza kutunga sentensi papo kwa papo, na hilo halipatikani kwa semina ya siku tatu.

Wakati huohuo, mtoto wa kayumba anafika kidato cha kwanza akiwa na miaka 13 au 14. Ni umri uleule uliotangulia kule Uholanzi na uliowafikia wenzao upesi kule Zurich: anajua kusoma, anajua kulinganisha, ana hamu ya kujionyesha kwamba naye amefika sekondari. Anapewa wiki chache za kozi ya kumzoesha, kisha anakabidhiwa kitabu cha Biology. Kama saa za Kiingereza zingekuwa mkononi mwangu, ningewaachia wadogo nyimbo, kikapu na hadithi, bila mtihani, na rundo kubwa la saa ningelipeleka kwa huyu: miezi sita ya Kiingereza asubuhi hadi mchana, walimu bora tulionao, na vitabu vya hadithi vya kwenda navyo nyumbani, kabla hajaulizwa chochote juu ya seli.